Nyayo za Ngitili ya Mageni

Mimi sipendi kusimulia mambo yanayoniaibisha. Lakini hili nikimwachia Deusdedit mwenye duka alisimulie, atalitia chumvi mpaka lisilike, na nyinyi mtaamini kwamba nililia hadharani. Sikulia. Ni vumbi liliniingia machoni. Kwa hiyo kaeni niwaambie mwenyewe habari za shemeji yangu Mageni, mwanamke aliyeniweka pabaya mbele ya kijiji kizima, na ambaye leo mtu akimsema vibaya nikiwepo atanitambua.

Mageni ni dada mkubwa wa mke wangu Asteria. Kwa Kisukuma jina hilo ni wageni, na alipewa kwa sababu siku anazaliwa nyumba yao ilikuwa imejaa watu waliokuja kwenye msiba. Baba yao, Mzee Mayala, alitoka Didia na ng'ombe wake enzi za ukame, akawaswaga mpaka hapa kwetu Mwalugoye, kijiji cha mwisho kabla pori halijaanza. Ukitoka Kagongwa na pikipiki asubuhi, unafika mchana umeshika kiuno. Mzee Mayala hakujaliwa mtoto wa kiume. Basi alimpa Mageni fimbo, na mtoto akaanza kuchunga hata meno ya mbele hajaota upya.

Huko machungani ndiko alikojifunza kusoma nyayo. Mpeleke kwenye mchanga uliokanyagwa na kundi zima, atakuambia huyu dume, huyu ana mimba, huyu anachechemea na alipita jana kabla ya jua kuzama. Sisi sungusungu, walinzi wa kijiji, ng'ombe wakiibwa tunamwita yeye kwanza. Akishatuonyesha njia tunamwambia asante mama, rudi ukapike, wanaume tunaendelea. Ndivyo tulivyokuwa, msinikunjie uso.

Na kwetu kuna sheria ya nyayo. Mnyama akiibwa, tunafuata nyayo kutoka zizini. Zikiingia kwenye mji wa mtu, yaani nyumba na uwanja wake, mwenye mji anaitwa, anasimama pale pale na kusema kwa sauti ya kusikika: "Zimeingia kwangu, nimeziona." Kisha ni kazi yake kutuonyesha zilipotokea. Akituonyesha anasema, "Zimetoka," na mzigo unahamia kwa jirani. Zisipotoka, hasara ni yake, awe mwizi asiwe mwizi. Mimi, Mwigulu, Baba Blessing, ndiye kamanda wa sungusungu hapa, na sheria hiyo nimeisimamia miaka tisa bila kumwonea mtu haya. Filimbi yangu ikilia, hakuna anayebaki kitandani.

Sasa Mageni ana ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikiisha. Huingizi ng'ombe, hukati mti, unaacha nyasi zisimame mpaka kiangazi kikali, ndipo unafungua mifugo ipone. Zamani kila mji ulikuwa na yake. Wengi wetu tumezimaliza, mmoja kachoma mkaa, mwingine kalima mpunga. Ya kwangu niliilima pamba, na pamba yenyewe ikanitukana. Ya Mzee Mayala ndiyo iliyobaki, tena kubwa, inaanzia nyuma ya nyumba na kuishia porini kabisa. Mume wa Mageni, marehemu Fikirini, alifuata dhahabu Geita, akashinda chini ya ardhi miaka sita, akarudi na kikohozi kilichomkausha mpaka akabaki mifupa. Watu walimwambia Mageni auze miti amtibu mumewe. Akauza ndama mmoja mmoja, akamuuguza mpaka mwisho, na mti hakukata. Nilimwona mwanamke mkaidi kuliko wote niliopata kuwajua.

Juni mwaka juzi mke wangu akaniambia, huku akichambua mchele kama vile anazungumzia hali ya hewa, kwamba dada yake ana wageni ngitilini. Wageni gani? Mbwa mwitu.

Ebo! Nilivaa ndala upande upande nikaenda mbio. Nilimkuta Mageni amelala kifudifudi nyuma ya kichuguu, kanga ameifunga kiunoni, akanipungia mkono nilale chini. Nami na kitambi changu nikalala.

Mbele yetu, mwendo wa kurusha jiwe mara tatu hivi, kulikuwa na shimo la mhanga, yule mnyama anayechimba mchwa usiku. Mhanga mwenyewe alishahama. Mdomoni mwa shimo alikaa mbwa mwitu mmoja, masikio ya duara kama vifuniko vya vikombe, mwili mabaka ya njano na meusi na meupe, mguu wa nyuma umepinda. Kilema. Baadaye nyasi zikacheza, wakatokea wengine sita wakikimbia mwendo wa pole, midomo ina damu. Shimo likafoka watoto! Nilihesabu wanane nikapotea. Wakawarukia wakubwa midomoni wakilialia, na wale wakubwa wakainamisha vichwa wakawatapikia nyama.

"Uchafu gani huu?" nikanong'ona.

"Tulia, shemeji. Tazama yule."

Mmoja alimwendea yule kilema, akamtapikia na yeye. Kilema akala polepole, na hakuna aliyemnyang'anya.

"Kila siku anaachwa na watoto," Mageni akasema. "Hawezi kuwinda. Na hajawahi kulala njaa hata siku moja, maana mimi nipo hapa kila asubuhi naona." Sauti yake ilikuwa imebadilika. Nilijua anamkumbuka Fikirini.

Aliniambia kwamba amekwisha kumpigia simu Marcel, afisa wanyamapori, na Marcel alikuja akawaona. Alimweleza kwamba wa aina hii wamebaki wachache Afrika nzima, tena wanataka eneo kubwa, wanaweza kukimbia kutoka hapa mpaka ng'ambo ya pori kwa siku moja. Akamwonyesha kwenye simu jamaa zao wa nchi za baridi, mbwa mwitu wa kijivu, wenye manyoya kama blanketi, wamesimama kwenye theluji. Nao wanaishi hivyo hivyo, baba na mama mmoja wanazaa, shangazi na wajomba wanalea. Wako wengine milimani, wengine misituni, wengine kwenye nyika zisizo na mti. Na huko nako, Marcel alisema, waliwindwa na wafugaji mpaka nchi nyingine zikabaki hazina hata mmoja, na sasa wameanza kurudi wenyewe, wanavuka mipaka bila kuulizwa pasipoti. Mageni alilipenda sana hilo la kurudi. Alilirudia mara mbili.

"Shemeji, hawa ni wakali," nikamwambia tunarudi.

"Kwa swala, ndiyo."

"Na mbuzi wetu?"

"Wakigusa mbuzi wangu nitakuambia. Wana mwezi hapa, hawajagusa."

Nikaondoka nikitikisa kichwa.

Haikupita mwezi. Asubuhi moja ya Julai Deusdedit akaja kwangu anahema, shati halijafungwa vifungo. Mbuzi wake saba walikuwa wamelala zizini wamekufa, makoo yameraruliwa. Alikuwa amewafuga kwa ajili ya harusi ya binti yake Ritha. Damu ikanichemka. Sikuuliza swali hata moja. Nilipiga filimbi, nikapiga mwano, ule ukelele wa hatari unaopokewa mji kwa mji, na kabla jua halijapanda kijiji kizima kilikuwa mbele ya duka na mikuki na mapanga.

Nikapanda juu ya kreti la soda. Nikahutubia, na nilihutubia vizuri, sitajificha. Nikasema tumefuga maadui mlangoni. Nikasema twende sasa hivi na majembe na nyasi za moto, tulitie moshi lile shimo, tulizibe, kisha ngitili ifyekwe yote mpaka ukisimama huku unaona porini, mnyama akose pa kujificha. Wakaitikia kwa sauti iliyotikisa bati. Asteria aliniangalia kwa jicho ambalo mwanaume akiangaliwa hivyo na mkewe anajua chakula cha jioni kitakuwa cha baridi.

Mageni alikuwa nyuma kabisa na wanawake. Akaja mbele taratibu, akaniamkia kama kawaida ya kikao, kisha akawageukia watu.

"Mbuzi wameuawa. Kwetu mnyama akipotea au akiuawa tunafanya nini?"

"Tunafuata nyayo," akajijibu mwenyewe. "Nami naomba zifuatwe. Kutoka zizini kwa Deusdedit mpaka zitakapoishia. Zikiingia kwenye ngitili yangu zisitoke, nitasimama nitasema zimeingia kwangu. Mbuzi nitalipa, ngitili mtafyeka, na jembe la kuziba shimo nitalishika mimi."

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama mbwa mwitu naye atasimama aseme nimeziona. Mimi sikucheka, nilikasirika, maana alikuwa amenishika kwa sheria yangu mwenyewe na nisingeweza kuikataa. Halafu nikatulia, nikawaza, mbona ni rahisi? Zitaishia wapi kama si ngitilini? Nikashuka kwenye kreti nikasema haya, twende, na mimi mwenyewe natangulia.

Zizini Mageni aliinama juu ya mbuzi wa kwanza, akamgeuza. "Hajaliwa," akasema. Akamgeuza wa pili. Sikio limetafunwa, basi. "Mbwa mwitu akiua anakula, na anakula haraka, ukifika unakuta ngozi na kichwa. Hawa wameuliwa kwa mchezo." Nikamwambia aache mahubiri aonyeshe nyayo. Akaonyesha. Zilikuwa za wawili watatu, zimevurugana, lakini moja ilikuwa wazi kwenye vumbi karibu na mlango: mguu wa mbele wa kulia, vidole vitatu. Cha nje hakikuwepo.

"Huyu ndiye tutakayemfuata," akasema, akanitazama usoni muda mrefu kidogo. "Umeiona vizuri, kamanda?"

"Nimeiona, mimi si kipofu."

"Sawa."

Tukaanza. Watu kama sitini nyuma, hakuna anayekanyaga mbele ya Mageni. Nyayo zilipita kwenye mihogo ya Deusdedit, zikashuka kwenye mchanga wa korongo, zikapanda upande wa pili na kuingia kwa Bibi Limi. Bibi Limi ni mzee wa miaka themanini na ulimi wake una miaka ishirini. Akasimama na fimbo yake, akasema kwa sauti kali, "Zimeingia kwangu, nimeziona!" Akazunguka nyuma ya jiko, akachungulia chini, akasema, "Zimetoka! Na mkiondoka msinikanyagie mchicha."

Kutoka pale zikanyooka moja kwa moja kuelekea ngitilini.

Nilisikia minong'ono nyuma yangu. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Mageni alikuwa anatembea ameinama, na niliona vidole vyake vimeshika upindo wa kanga. Pale ndipo nilipojua kwamba hata yeye anaogopa. Tukafika kwenye ukingo, kwenye miiba ya uzio, na nyayo zikasimama pale. Zilizunguka zunguka. Zilinusa. Nikajaza pumzi niseme neno la ushindi.

"Zimekataa kuingia," Mageni akasema. "Zimesikia harufu ya wenyewe zikaogopa. Tazama, zinageuka hapa."

Kweli ziligeuka. Zilifuata ukingo wa ngitili mpaka mwisho, zikakata kulia kwenye njia ya ng'ombe, zikapita mti wa ukwaju, na mimi nilikuwa natembea na kichwa juu nikiwaza ni mji gani huu unaofuata, mpaka nikaona suruali yangu ya bluu imeanikwa kwenye kamba.

Ulikuwa mji wangu.

Asteria alikuwa ametangulia kurudi, anaosha vyombo. Akasimama na sufuria mkononi. Nyayo zilipita mbele yake, zikazunguka kihenge cha mahindi, zikaingia chini yake kwenye kivuli. Na kutoka kwenye kivuli hicho akatoka mbwa wangu Jemedari, akitikisa mkia, amefurahi mno kuona watu wengi namna ile. Alikuja moja kwa moja kwangu. Akanipa mguu, maana nilimfundisha mwenyewe alipokuwa mdogo. Mguu wa kulia. Vidole vitatu, na manyoya ya shingoni yamegandamana damu iliyokauka.

Jamani, ule mguu ulinaswa na waya wa mtego miaka mitatu iliyopita, na nilikuwa nimesahau. Namtuma mbwa huyu kulinda mji, kufuata ng'ombe, kutisha wezi, na mguu wake siujui.

Mageni alisimama pembeni akitazama chini. Watu sitini walikuwa wananisubiri mimi, na kichwani mwangu yalipita maneno mengi: kwamba mbwa wote wanafanana, kwamba nyayo zimevurugwa, kwamba mimi ndiye kamanda na kikao nimekivunja. Ningeyasema wangeondoka. Wangenung'unika, lakini wangeondoka, na kesho yake shimo lingezibwa. Nikamtazama Asteria. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wenye povu la sabuni.

Nikasema, "Zimeingia kwangu."

Sauti haikutoka. Bibi Limi, aliyekuwa ametufuata na fimbo yake, akapaza, "Hatujasikia huku nyuma!"

"Zimeingia kwangu, nimeziona," nikasema. "Na hazijatoka."

Hapo ndipo vumbi lilipoingia machoni.

Wanaume wakataka kumuua Jemedari pale pale. Mmoja alishainua rungu. Mageni akasimama kati yake na mbwa, kisha akaniuliza mbele ya wote, "Shemeji, mbwa huyu mara ya mwisho umempa chakula lini?"

Kwetu mbwa anajitafutia. Ndivyo baba yangu alivyofanya, na baba yake.

"Wale wa kule ngitilini wanamlisha hata kilema," akasema. "Huyu ana miguu minne na mji wenye kihenge kimejaa."

Nilimchukia kwa dakika moja nzima. Watu walipoanza kutawanyika nikamfuata mpaka kwenye ukwaju, nikamwambia kwa hasira, "Ulijua! Tangu zizini ulijua!"

"Niliujua mguu. Ule waya ni mimi niliyeutoa, wewe ulikuwa umesafiri kwenda Kharumwa."

"Sasa si ungeniambia pembeni?"

"Ungeniamini?"

Nisingemwamini, ningemfukuza.

"Mguu niliujua," akasema tena, polepole. "Nilichokuwa sikijui ni kama utasema. Tangu kule korongoni naomba Mungu useme."

Nilimpa Deusdedit mbuzi saba kutoka zizini kwangu, na harusi ya Ritha ikafanyika, nikacheza. Jemedari alinusurika, anafungwa usiku na anakula ugali kila jioni, na miji mingine wameanza kulisha mbwa wao, kwa kunicheka lakini wanalisha. Filimbi niliirudisha kikaoni, nikaiweka mezani. Bibi Limi akaichukua, akaipangusa kwa kitenge, akanirudishia. Alisema kamanda anayejikamata mwenyewe watampata wapi mwingine, na kama namtafutia kazi ya kupiga filimbi yeye na mapafu yake, basi nimekosa adabu.

Kilibaki kitu kimoja. Mwezi wa Agosti ngitili hufunguliwa, na watoto wa mbwa mwitu walikuwa bado hawajakomaa kusafiri, basi Mageni hakuifungua. Ng'ombe wa Mageni walianza kuonyesha mbavu. Hakulalamika, alikwenda mbali kutafuta majani na kurudi na mzigo kichwani. Siku ya tatu nikampelekea mabua ya mahindi yangu yote. Siku ya tano Deusdedit akaja na magunia ya mashudu ya pamba kwenye pikipiki, akayashusha, akaondoka. Baada ya hapo hata sijui nani alileta nini, lakini wale ng'ombe walifika Septemba wako hai wote.

Asubuhi moja Mageni akaja kunigongea. "Njoo. Njoo kama kamanda," akasema. Nikavaa filimbi shingoni.

Shimo lilikuwa tupu. Mavi makavu, mifupa midogo, na nyayo, nyayo nyingi kubwa na ndogo, zimetoka pamoja. Tulizifuata mimi na yeye, hatua kwa hatua katikati ya zile nyasi ndefu, mpaka mwisho wa ngitili ambapo pori linaanza. Katikati ya kundi kulikuwa na nyayo za yule kilema, mguu mmoja umeburuta mchanga. Wengine hawakumtangulia. Kulikuwa na nyayo mbele yake na nyuma yake na ubavuni, na za watoto zimecheza pande zote.

Mageni alisimama kwenye mpaka, akaiweka sawa kanga yake. Akasema kwa sauti ya kusikika, kama sheria inavyotaka, ingawa hapakuwa na mtu mwingine wa kusikia ila mimi:

"Ziliingia kwangu, niliziona. Zimetoka."

Nikakohoa.

"Nimeziona, shemeji," nikasema. "Zimetoka zote."

Akacheka, akajifuta uso kwa upindo wa kanga, tukarudi kuwafungulia ng'ombe.